Jina Moja Tu kwenye Seva

Gichovi na Kananu walikutana mbele ya posta ya Meru, siku ya soko, mwaka wa 1997. Foleni ya simu ilikuwa imefika barabarani, na Gichovi, fundi wa kompyuta kutoka Embu, alikuwa ameshikilia mkono wa simu kwa robo saa akimwelekeza mteja.

"Izime. Sasa hesabu mpaka kumi. Washa."

Nyuma yake alisimama Kananu, sketi ya kijani iliyopigwa pasi vizuri, sweta nyeupe, viatu vyenye matope ya kwao Kanyakine.

"Kaka, huyo mgonjwa wako akipona, na sisi tupige."

Watu wakacheka. Gichovi akageuka, akamwona, akasahau amehesabu hadi ngapi.

Kabla mwaka haujaisha walikuwa wapenzi. Kananu alikuwa karani katika ofisi ndogo mjini iliyopima watu virusi vya ukimwi. Gichovi alikuja kila Jumamosi, na katikati ya wiki alimpigia simu ofisini.

"Umekula, mpenzi?"

"Mukimo ya jana. Na wewe, fundi wangu?"

"Mimi nakula waya."

Kisha, Jumatatu moja ya Machi, Kananu akampigia yeye.

"Usije Jumamosi. Usije tena."

Akakata. Kila Gichovi alipopiga, aliambiwa ametoka. Akaamini jambo moja tu: kuna mwanamume mwingine.

Jumatano akaitwa kikazi na Sista Jedidah, muuguzi aliyesimamia ofisi ile. Kompyuta zao tatu zilitegemea seva moja, mashine iliyotunza faili zote, na folda ya majibu ya damu ilikuwa imekataa kufunguka.

"Inasema hatuna ruhusa," Jedidah alisema. "Na hapo nje kuna watu kumi na mmoja wanangoja majibu. Mmoja ana mimba ya miezi minane."

Kananu alikuwa dirishani, amejifunga kitambaa kichwani, macho yamevimba. Hakumsalimia.

Gichovi alianza na nyaya, akazipapasa kiungo kwa kiungo. Zilikuwa nzima. Akajaribu folda nyingine kwenye kompyuta zote tatu, zikafunguka. Basi akaketi mbele ya seva yenyewe, akatazama orodha ya walioruhusiwa kuingia kwenye ile folda. Ilipaswa kuwa na majina matatu. Ilikuwa na moja: Kananu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha namna ya kubadilisha ruhusa, Jumamosi moja, akijionyesha.

Alingoja Jedidah atoke kuwatuliza watu.

"Ni wewe umefunga."

"Ni mimi."

"Unamficha nani? Huyo mwanaume wako?"

Kananu akageuka kutoka dirishani. "Hakuna mwanaume. Si uko na neno la siri la kufungua kila kitu? Fungua usome."

Gichovi akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Jina lako limo."

"Limo. Wafanyakazi wote tulipimwa. Diski ya majibu ilikuja Jumatatu kutoka maabara, na kuiingiza ni kazi yangu. Nilitaka kulifuta. Halafu nikaona, hata nikifuta, bado nina hivyo virusi."

Nje mtu alikohoa. Benchi likalia.

"Mimi siifungui," Gichovi alisema. "Fungua wewe. Hao watu wako hapo tangu asubuhi."

"Sista ataona."

"Ataona. Nitakuwa hapa."

Kananu akaketi, akarudisha yale majina mawili. Jedidah aliporudi, akafungua folda na kusoma polepole, mpaka katikati ya ukurasa. Akavua miwani. Akaweka mkono kwenye bega la Kananu, kisha akamwita yule mama mjamzito.

Gichovi alipimwa Embu. Baada ya wiki mbili akapiga simu.

"Kananu. Mimi sina."

 Kananu alikuwa akilia, na hata yeye hakujua kama ni kwa furaha au kwa kubaki peke yake.

"Basi enda. Tafuta msichana mzima huko kwenu Kibugu, mama yako afurahi."

"Nimepanga chumba huko Meru, mtaa wa Majengo. Nataka kukuoa."

"Usiniletee huruma, Gichovi."

"Huruma ningekutumia kwa posta."

Kananu alikataa. Kwa miezi mitatu Gichovi alimwuliza, na kwa miezi mitatu alikataa. Julai alishikwa na homa, Gichovi akamletea uji, akakaa kando ya kitanda bila kuuliza lolote. Kananu akanywa nusu kikombe.

"Haya," alisema. "Kaa."

Walioana kwa DC, mkuu wa wilaya. Mama yake Gichovi hakuja. Majirani walipouliza mbona hakuna mtoto, Kananu alijibu kwamba mume wake ameoa kompyuta, nao wakacheka.

Walipata mwaka mmoja na miezi mitano. Asubuhi moja ya Desemba, akiwa mgonjwa kitandani, mwepesi kiasi kwamba Gichovi alimgeuza kwa mkono mmoja, Kananu alimwuliza kama anajuta.

"Najuta," Gichovi alisema. "Ile miezi mitatu uliyonikatalia."