Jina Lililoitwa Mara Tatu

Chumba cha kushonea kilikuwa nyuma ya nyumba. Ndani yake mlikuwa na cherehani mbili. Moja ilikuwa ya fundi, mwanamke ambaye hakuwahi kuchelewesha nguo ya mtu. Mafundi wa namna hiyo ni wa kutafuta kwa tochi. Ya pili ilikuwa ya mumewe, naye alikuwa amefariki miezi minane iliyopita. Koti alilokuwa akilishona bado lilining'inia ukutani. Lilikuwa na mkono mmoja tu.

Fundi aliishi na mama mkwe wake. Mtaa mzima ulimwita Bibi.

Siku moja, saa saba mchana, mtaa ulikuwa kimya kabisa. Ghafla sauti nzito ya mwanamume ilisikika mlangoni. Ilitaja majina matatu ya marehemu, yote kamili. Hakuna aliyeyataja hivyo tangu siku ya mazishi.

Fundi alisimama. Bibi akamshika mkono.

"Usiitike," alinong'ona. "Anayemwita marehemu, huwezi kujua ametoka wapi."

Sauti iliita mara ya pili, kisha mara ya tatu. Chini ya mlango waliona kivuli cha miguu miwili. Karatasi ikapenya polepole mpaka ndani. Kivuli kikaondoka.

Karatasi ilikuwa na muhuri. Fundi aliisoma kwa sauti. "Wito. Mdaiwa..." Lilifuata jina la mumewe.

"Mwanangu hakuwa na deni la mtu!" Bibi alisema. "Na wito huu si wetu. Ameitwa yeye, apelekewe mwenyewe."

Aliichukua karatasi kabla fundi hajaimaliza, akaikunja na kuitia mfukoni mwa lile koti.

Baada ya wiki tatu sauti ilirudi, saa ileile. Iliita mara tatu. Hawakuitika. Karatasi ya pili ilibandikwa mlangoni, nayo Bibi akaitia mfukoni. Tangu siku hiyo fundi hakupenda kuligeuzia koti mgongo. Lilitikisika hata dirisha likiwa limefungwa, na karatasi zikachakacha ndani yake. Bibi alisema mwanawe anasoma barua zake. Fundi aliogopa, na mishono yake ikaanza kwenda upande.

Ndipo akaja Mama Mihuri kupanuliwa gauni. Mama huyu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini kabla ya kustaafu. Jina hilo alilipata huko.

"Fundi, gauni hili limesinyaa kabatini," alisema.

"Kabati lako linasinyaza nguo kila mwaka, mama."

Walicheka. Nyuma yao koti likatikisika, na karatasi zikachakacha. Kicheko kikakatika.

"Koti lile lina nini mfukoni?" Mama Mihuri aliuliza.

Fundi alimweleza yote. Mama Mihuri alizitoa karatasi na kuzisoma. Uso wake ulibadilika.

"Jamani! Shauri linasikilizwa kesho asubuhi. Mwenye kiwanja cha nyuma anasema chumba hiki kiko kwenye ardhi yake. Anataka kibomolewe."

Fundi aliketi. Chumba hicho ndicho kilichowalisha yeye na Bibi.

"Na hilo deni?" Bibi aliuliza kutoka mlangoni.

"Si deni, dada yangu. Anayefungua shauri la madai huitwa mdai. Anayefunguliwa huitwa mdaiwa, hata kama wanagombania ukuta. Wala si mshtakiwa. Mshtakiwa ni wa kesi ya jinai, kama wizi. Hapa hakuna wa kwenda jela."

"Na yule mwenye sauti?"

"Huyo ni mpeleka wito wa mahakama. Mpole sana, ila alipewa sauti ya watu wawili."

"Tukiitika, si tumekubali kosa?" fundi aliuliza.

"Hata kidogo. Kuitika ni kusema, nipo, nisikilizeni na mimi. Mkinyamaza, mahakama inaweza kusikiliza upande mmoja tu na kuamua."

"Lakini mwenye jina amekufa! Hakimu hajui?"

"Atajuaje, nanyi hamkumwambia? Mdai anaishi mbali. Ameona jina kwenye karatasi za kiwanja tu. Ndani ya jalada la mahakama, mumeo yu hai. Kesho ataitwa. Asipofika, itaandikwa kwamba aliitwa akakataa kuja."

Bibi aliligeukia koti.

"Yu hai huko," alisema taratibu. "Wanamngoja." Akalia kama alivyolia siku ya mazishi.

"Chukueni cheti cha kifo," Mama Mihuri alisema. "Kesho twende wote."

Ukumbi wa mahakama ulikuwa mrefu na wa baridi. Watu waliketi kwenye mabenchi wakinong'ona. Mara kwa mara karani alifungua mlango na kuita jina. Mtu aliinuka, akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Kisha karani akaita yale majina matatu. Mwangwi uliyarudisha kutoka mwisho wa ukumbi. Akaita tena. Fundi alimgeukia Bibi. Karani aliita mara ya tatu, huku akishika kalamu.

"Naam!"

Alikuwa Bibi. Alisimama.

"Mwanangu amefariki. Mimi mama yake nimekuja kuwaambia."

Waliingizwa ndani, na hakimu akakisoma cheti cha kifo. "Poleni sana," alisema. "Marehemu hawezi kufunguliwa shauri. Naliondoa shauri hili. Mdai anaweza kufungua upya dhidi ya msimamizi wa mirathi, yaani mtu aliyeteuliwa na mahakama kusimamia mali ya marehemu."

Mama Mihuri hakuwapa nafasi ya kupumzika. Familia ilikaa, ikampendekeza fundi, na mahakama ikamteua kuwa msimamizi.

Haukupita muda mrefu, sauti nzito ikarudi mlangoni. Saa saba mchana, kimya kilekile. Safari hii ilitaja jina la fundi.

"Itika, mwanangu," Bibi alisema. "Umeitwa wewe."

Fundi alifungua mlango, akasaini, akapokea. Aliwasilisha utetezi wa maandishi kabla ya tarehe iliyowekwa. Alipeleka hati ya kununulia kiwanja, na aliyewauzia akaja kutoa ushahidi. Hakimu mwenyewe alifika kuangalia mipaka. Mawe ya mpaka yalikutwa chini ya majani, hatua mbili nyuma ya chumba. Hukumu ilitoka: chumba kibaki.

Fundi alimalizia mkono wa pili wa koti, kisha akalirudisha ukutani. Mfuko wake ni mtupu sasa. Hata hivyo, siku mojamoja koti hutikisika, dirisha likiwa limefungwa. Fundi haogopi tena. Bibi naye huinua kichwa na kuitika.

"Naam, mwanangu. Tupo."