Farasi wa Damian

Haya yalimpata rafiki yetu Nkwabi, yule anayehariri makala za ensaiklopidia ya mtandaoni bila kulipwa hata senti. Damian, aliyecheza naye chesi kila Jumapili, alifukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo la dhahabu kule Nyarugusu, wala hakutolewa. Mchezo ukikatika kabla ya kuisha, Damian alikuwa akiondoka na kete yake ya farasi mfukoni. Siku ile pia alishuka nayo shimoni.

Mjane wake, Febronia, aliomba: "Shemeji, mwandike basi hata huko mtandaoni."

Nkwabi alimwandika kwenye makala ya machimbo ya Nyarugusu, kisha akamfuta mwenyewe, maana hakuna gazeti lililomtaja na sheria ya ensaiklopidia inataka chanzo. Febronia hamwitikii salamu mpaka leo.

Mchana mmoja Nkwabi alishuka duara lililo jirani na lile la Damian kupiga picha ya makala hiyohiyo. Gizani, nyuma ya kifusi, akasikia: ko, ko. Ndivyo Damian alivyogonga kete ubaoni kabla ya kuiachia.

"Nimekuja kupiga picha tu," akasema.

Akageuka apande. Juu ya gogo alilolishikilia akishuka, kete ya farasi ilisimama, imejaa tope. Akaiokota. Ilikuwa na joto, kama iliyotoka sasa hivi mfukoni mwa mtu.