Fundi Aliyetanua Viatu Vyake

Mume wangu ni fundi viatu. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba, nami nikiwa jikoni naisikia nyundo yake kutwa. Mteja akilalamika kiatu kinabana, habishani naye. Anakilowesha, anakitia kalibu ya mbao yenye umbo la mguu, kesho yake kimetanuka.

Basi viatu vyake mwenyewe vikaanza kumbana. Unadhani alifanya nini? Alivitanua. Vikabana tena, akavitanua tena. Nikamwambia labda kosa si la kiatu. Akanijibu nishike mambo ya jikoni, ngozi nimwachie yeye. Haambiliki yule mtu.

Mimi sikutulia. Nyundo ilikuwa ikigonga kidogo, inanyamaza. Nikichungulia, namkuta ameshika meza, anatafuta pumzi. Kitandani alikuwa halali tena, analala ameketi kwenye kiti, eti godoro limechoka. Nilikuwa roho juu. Kila nyundo iliponyamaza niliacha nilichoshika, nikakimbilia mlangoni. Niliogopa siku moja nitamkuta ameanguka juu ya viatu vya watu.

Asubuhi moja nilikifunga kibanda, ufunguo nikaukamata mimi, nikamwambia twende kituo cha afya. Alinuna njia nzima. Njia yenyewe fupi, lakini alisimama kila baada ya hatua chache, akijifanya anatazama viatu vya wapita njia.

Muuguzi alimwambia akae apumzike kwanza, mgongo uegemee kiti, miguu ikanyage sakafu, na asiongee. Kunyamaza kwa mume wangu ni kazi nzito kuliko kushona soli. Ndipo akampima presha, ikawa juu. Akamshika mkono kusikia mapigo, akamtazama mishipa ya shingo, akamsikiliza moyo na mapafu. Akamuuliza kama kifua kinauma, na kama anaweza kulala chali.

"Nalala vizuri tu, mwanangu," mume wangu alisema.

"Mwongo huyo," nikasema. "Analala kwenye kiti. Akijinyoosha anakosa pumzi."

Muuguzi hakucheka. Alimwomba avue viatu, nami nikamweleza jinsi vilivyombana naye akavitanua mara kwa mara. Akambonyeza mguu kwa kidole gumba, juu kidogo ya kifundo, kisha akaachia. Pakabaki shimo, kama kwenye unga uliokandwa. Tukalitazama sote, wala halikurudi upesi. Mume wangu akaniangalia, na kwa mara ya kwanza nikaona ameogopa.

"Mzee, haya ni maji," muuguzi alisema. "Presha ikikaa juu muda mrefu bila dawa, moyo unachoka. Ukishindwa kusukuma damu vizuri, maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu. Viatu vilikuwa vinakuambia, wewe ukavinyamazisha."

Wahenga walisema mganga hajigangi. Daktari alimwona siku ileile, akampima zaidi, akasema moyo umeanza kushindwa kazi lakini tumewahi. Akampa dawa za presha na za kupunguza maji. Alimkataza kuziacha hata akijisikia nafuu. Chumvi apunguze, uzito ajipime kila asubuhi. Uzito ukipanda ghafla, miguu ikivimba au pumzi ikibana, tusingoje kesho.

Kopo la chumvi nililiondoa jikoni. Alinung'unika kwamba nampikia maji ya kuoshea vyombo, lakini akala. Taratibu miguu ikapungua. Akarudi kitandani, nami nikapata usingizi.

Juzi aliniambia viatu vinapwaya, anataka kuvirudisha saizi yake ya zamani.

"Virudishe," nikamwambia. "Lakini vikibana tena, usiguse kalibu. Niite mimi."

Hakubisha. Aliingia kibandani, akatoka na ile kalibu ya saizi yake, akanikabidhi nikae nayo. Nimeiweka jikoni, pale palipokuwa na kopo la chumvi.