Asali ya Mguu wa Baba

Kila jioni, akishaosha vyombo, Levina alingojewa na kazi aliyoichukia kuliko zote: mguu wa baba. Mwaka huo wa 1996 Mzee Fridolin, fundi baiskeli wa Lipangalala, alikuwa ameanguka na baiskeli iliyobeba magunia ya mpunga, akavunjika mguu. Daktari akamfunga vyuma vinne vilivyopenya ngozi hadi mfupani. Ilimpasa Levina anawe mikono kwa sabuni, asafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, kisha apake asali pale chuma kinapoingia. Sista Digna, nesi aliyewaletea chupa ya asali hiyo, alikuwa amemweleza mara tatu kwamba inazuia vijidudu visiingie kwa kufuata chuma.

Shida ni kwamba asali ni tamu. Levina alilamba kidole kimoja, kesho yake viwili, na siku ya tano chupa ikawa tupu. Badala ya kusema, akalitazama kopo la grisi ya baba, ya njano kama asali yenyewe. Chuma ni chuma, akajiambia. Kama grisi inazuia kutu kwenye mnyororo, itashindwaje mguuni? Jamani, mtoto wa darasa la sita! Baba naye hakugundua kitu, maana harufu ya grisi ndiyo harufu yake tangu ujana.

Baada ya siku nne mguu ulivimba ukatoa usaha. Baba akashinda akifoka: daktari hafai, vyuma havifai, hata asali yenyewe haifai. 

Sista Digna alipokuja aliinama, akanusa, akashusha pumzi. Akasema wazi kwamba vijidudu vikizama mfupani, mguu huenda ukakatwa.

"Nani kapaka grisi hapa?"

Baba akaanza kuapa kwamba hakuna. Levina akapiga magoti.

"Ni mimi, baba. Asali niliila ikaisha, nikaogopa kusema."

Baba alilazwa siku kumi na mbili, akichomwa sindano asubuhi na jioni, hadi mguu ukanusurika. Aliporudi nyumbani alimkabidhi Levina chupa mpya, na hakutabasamu.

"Ungesema asali imeisha, ningekugombeza jioni moja, basi. Ulipoficha, nimelala siku kumi na mbili nikiuaga mguu wangu. Kosa liseme lingali dogo, mwanangu."

"Nisamehe, baba," alisema Levina, akaenda kunawa mikono. Siku hiyo alinawa mara mbili.