Nyumba Juu ya Lori

Mwezi wa saba Thika huwa na baridi. Ukungu hukaa juu ya mashamba ya mkonge hadi jua lipande, na watu huenda kazini wakipulizia viganja vyao. Mwaka wa 1958 baridi hiyo ilimkuta mama mzee mmoja, Wilkister, akikohoa katika chumba cha mwanawe.

Mwanawe aliitwa Dalmas. Alikuwa seremala katika kiwanda cha mkonge. Alifanya kazi safi, naye alijua kwamba anaifanya safi. Mkewe, Aoko, aliuza samaki wakavu sokoni. Wilkister alikuwa ameletwa Thika kutibiwa kifua. Dawa zilimsaidia kidogo, lakini miguu ilikuwa imeisha nguvu. Moyo wake nao ulikuwa nyumbani Alego, mbali huko Nyanza.

"Wuoda, mwanangu," alimwambia Dalmas kila alipoletewa uji, "nipeleke nyumbani. Baba yako amelala kule. Nataka kufika nikiwa hai. Usinipeleke kama mzigo."

Maneno hayo yalimnyima Dalmas raha. Safari ya Alego ilikuwa ndefu, na mama hangeweza kukaa wima kwenye kiti cha basi hata mpaka Nairobi.

Binamu yake, Zacharia, alikuwa na lori kuukuu la kubebea mahindi.

"Mimi nitawapeleka," Zacharia alisema. "Lakini huko nyuma ni wazi. Kuna vumbi, kuna mvua. Mama atakaa wapi?"

"Nitajenga nyumba juu ya lori," Dalmas akajibu. "Nyumba kamili, na kitanda ndani."

Akaanza kazi. Kila jioni alipotoka kiwandani alipiga randa na misumari. Alijenga kuta za mbao na paa la mabati. Alitengeneza kitanda cha mama, benchi la Aoko na kabati la vyombo. Alipoona mwanga ukipenya kati ya mbao, alichukua katani, nyuzi za mkonge zilizotupwa kiwandani, akaisokota, akaichovya katika lami na kuipigilia kwenye kila ufa.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," aliwaambia majirani waliokuja kutazama.

Methali hiyo ni ya kweli, wala mimi sigombani nayo. Lakini Dalmas aliziba nyufa zote, hata ile ya chini ya mlango. Ukifunga mlango ule mchana ulikuwa huoni mkono wako.

"Na baridi ya Limuru je?" Aoko aliuliza. "Na kule juu Mau? Watu wanasema maji huganda."

"Hata hiyo nimeifikiria, mke wangu." Dalmas alimwonyesha sanduku la bati lenye mchanga, pembeni mwa kitanda. "Jiko litakaa hapa. Haliwezi kuanguka, haliwezi kuchoma mbao."

"Na moshi?"

"Makaa yakishashika moto hayana moshi. Kwani wewe hujui?"

Aoko alijua. Sote tunajua. Na hapo ndipo Dalmas alipokosea, na si yeye peke yake. Tunauogopa moshi kwa sababu tunauona, nao unatutoa machozi. Alikumbuka hatari ya moto, akasahau hewa.

Kabla ya safari yenyewe waliamua kulijaribu lori siku ya Jumapili, kwenda Ruiru na kurudi. Aoko alitaka kumuaga rafiki yake, Ngendo. Walikuwa wameuza pamoja katika soko la Thika miaka mingi. Kisha Ngendo alifiwa na mume na mtoto wake, Wamboi, kwa siku moja, akahamia Ruiru kuchuma kahawa katika shamba moja kubwa. Watu walisema ni ugonjwa wa ghafla. Wengine walinong'ona mambo mabaya zaidi, na minong'ono hiyo ikamfuata hadi Ruiru. Aoko hakuwahi kumuuliza. Siku hizo za Hali ya Hatari, Mkikuyu kama Ngendo hakusafiri bila pasi ya serikali, kwa hiyo wao ndio waliokwenda kwake.

Asubuhi ile ilikuwa na upepo mkali. Wilkister alilazwa kitandani na kufunikwa mablanketi mawili. Aoko aliketi karibu naye. Dalmas aliweka jiko lililojaa makaa mekundu, akafunga mlango kwa nje kwa komeo, akapanda mbele na Zacharia.

Walipofika Juja gurudumu la nyuma lilipasuka. Dalmas alipiga ukuta wa nyumba. "Mko salama huko?"

"Tuko salama," Aoko akajibu. "Joto ni zuri. Kichwa tu kinaniuma kidogo."

"Kaeni humo humo. Huku nje upepo unakata."

Kubadilisha gurudumu kulichukua muda, maana la akiba lilikuwa limefungwa chini ya mizigo yote ya safari, waliyoipakia ili kulijaribu lori. Kisha wakaendelea. Baada ya hapo Aoko alipiga ukuta mara nyingi. Injini ilinguruma, na hakuna aliyemsikia.

Huko shambani Ruiru, Ngendo alisikia lori likisimama. Alitoka akikausha mikono kwa leso, akicheka. Dalmas alifungua komeo ili amwonyeshe nyumba yake. Joto likampiga usoni kama la tanuri. Aoko alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea benchi. Wilkister alilala kinywa wazi.

"Mama!" Dalmas aliita. Mama hakujibu.

"Ni barabara imewachosha," Zacharia alisema. "Wapewe ndimu. Funga mlango, baridi itaingia kwa kifua ya mama."

Ngendo alikuwa amekwisha kuliona jiko. Kicheko kilikatika. Aliruka ndani ya lori, akamshika Wilkister kwapani.

"Toa yeye nje! Haraka! Shika miguu!"

"Nje kuna baridi, Mama Wamboi!" Dalmas alilia.

"Hiyo baridi ndiyo dawa! Ngai wangu, shika miguu!"

Walimlaza mzee juu ya gunia, mahali penye upepo, wamemfunika mwili na kumwacha uso wazi. Zacharia alimbeba Aoko. Kisha Ngendo aliingia tena huku amebana pumzi, akalitupa jiko mbali majanini.

Aoko alitapika, akaanza kulia. "Nilitaka kufungua mlango," alisema. "Komeo liko nje, na miguu ilikataa. Nikapiga, nikapiga."

Wilkister alikuwa bado kimya. Dalmas alipiga magoti kando yake. Alimsugua mikono, akamwita kama alivyomwita alipokuwa mtoto, akamwita Nyasaye, Mungu wake. Ngendo aliinamisha kichwa chake, sikio karibu na kinywa cha mzee.

"Anapumua," alisema. "Kidogo. Ngojeni."

Wakangoja. Mwishowe mzee alikohoa, akafumbua macho, akauliza kama wamefika Alego. Dalmas alijifunika uso akalia mbele ya watu wote.

"Ameamka, twende ndani tunywe chai," Zacharia alisema.

"Chai baadaye," Ngendo akamkatiza. "Hawa waende hospitali sasa. Mtu anaweza kuamka na bado hiyo sumu iko kwa damu."

Wakarudi Thika mlango ukiwa umefungwa kwa kamba ili ubaki wazi. Daktari aliwapima wote wawili, akamlaza Wilkister mpaka nguvu zikarudi. Alisema, kama Ngendo, kwamba ni sumu, akaongeza kwamba wangechelewa kidogo, wangemzika.

Jumapili iliyofuata Dalmas na Aoko walirudi Ruiru kushukuru. Ngendo aliwapa viazi na chai. Dalmas aliuliza swali lililokuwa likimsumbua.

"Mama Wamboi, wewe ulijuaje?"

Ngendo aliweka kikombe chake chini.

"Ilikuwa mwezi kama huu," alisema. "Mimi nilienda kulala kwa dada yangu, amezaa. Baba Wamboi, Muigai, alibaki na mtoto. Baridi ilikuwa mbaya. Akaziba dirisha na gunia, akaingiza jiko. Alimpenda sana huyo mtoto. Nilirudi asubuhi nikawapata wamelala. Nikasema, leo wamechelewa kuamka. Nikaenda kuwapikia uji."

Aoko alimshika mkono.

"Daktari alinieleza," Ngendo aliendelea. "Makaa ikiwaka mahali pamefungwa inatoa hewa ya sumu. Hiyo hewa haina rangi, haina harufu, haina moshi. Kwanza kichwa inauma. Halafu kizunguzungu, kutapika, miguu inakuwa maji. Halafu usingizi. Mtu halii, haiti mtu. Lakini majirani walisema mimi nimewapa kitu. Kwa hiyo nilinyamaza. Miaka minne sijaongea hii maneno."

Dalmas alikuwa amejenga kwa mapenzi, kama Muigai alivyoziba dirisha kwa mapenzi. Wazo hilo lilimuumiza kuliko aibu.

"Nivunje hiyo nyumba?" aliuliza hatimaye.

"Usivunje. Ifanye ipumue."

Siku ya pili yake Dalmas alichukua msumeno. Alikata dirisha juu upande mmoja na jingine chini upande wa pili, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Aliyawekea vifuniko vya mbao za kulala mshazari, vya kuzuia mvua bila kuzuia upepo. Alitoa katani chini ya mlango. Komeo la nje aliling'oa, akaweka kitasa kinachofunguka pande zote mbili. Alipitisha kamba kutoka kitandani hadi mbele kwa dereva, akafunga kengele ya mbuzi mwishoni mwake.

Zacharia naye hakukaa bure. Alilala chini ya lori, akaona kwamba bomba la moshi wa injini liliishia chini ya sakafu ya nyumba. "Hata hii ni sumu ile ile," alisema, akaliongeza mpaka likatokea pembeni, mbali na madirisha. Alikaza nyumba kwenye lori kwa boliti badala ya kamba. Mizigo mizito waliiweka chini, karibu na mbele, ili lori lisiyumbe kwenye mteremko. Gurudumu la akiba alilihamishia mahali pa kufikika. Alijaribu breki, akajaza madebe ya maji.

Lakini Wilkister alikataa kupanda.

"Hilo sanduku silirudii," alisema, akigeukia ukuta. "Ni jeneza. Nitafia hapa hapa Thika."

Dalmas alijaribu kumbembeleza, asisikie. Aoko alijaribu, asisikie. Mwishowe Dalmas alimbeba mgongoni mpaka kwenye lori, akamkalisha kitandani, akafunga mlango wao wakiwa ndani wote wawili. Mzee alishika ukingo wa kitanda.

"Mama, nipe mkono."

Akauweka mkono wake kwenye dirisha la chini. Upepo ulipita kati ya vidole vyake. Kisha akaushika ule mkono na kuupeleka kwenye kitasa. Wilkister alikizungusha mwenyewe, mlango ukafunguka. Akaufunga. Akaufungua tena.

"Na baridi?" aliuliza.

"Tutavuka Limuru na Mau mchana, jua likiwa juu. Utakuwa na mablanketi manne na soksi za sufu. Aoko atakuwekea chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa matambara, miguuni na kifuani. Tutapika nje, mbali na mlango. Jiko halitaingia humu, hata likiwa na majivu matupu."

"Hata nikiliomba?"

"Hata ukililia, mama."

Wilkister alimtazama mwanawe, akakubali.

Walipita Ruiru asubuhi. Ngendo alisimama kando ya barabara, akamtia Wilkister chupa moja ya maji ya moto mikononi. Huko Limuru ilinyesha. Walipokuwa wakipanda Mau mzee alivuta kamba, kengele ikalia, Zacharia akasimama mara moja. Alitaka tu maji ya kunywa. Baada ya hapo aliivuta mara kwa mara, na Zacharia alinung'unika, lakini hakukosa kusimama hata mara moja.

Dalmas aliporudi, alishukia Ruiru kabla ya kufika kwake. Ngendo alikuwa akichuma kahawa. Alipomwona aliacha kikapu chake.

"Alifika?"

"Alifika. Alishuka nimemshika mkono mmoja tu. Akaenda moja kwa moja kaburini kwa baba, akaketi hapo, akaanza kumpa habari zote za Thika. Tuliwaacha wakiongea."

Ngendo aliketi chini kati ya mikahawa, akalia. Dalmas alisimama kando yake akamwacha alie.

"Dalmas," alisema alipomaliza, "wangu hawakupata mtu wa kufungua mlango."

Jumapili hiyo Ngendo alisimama kanisani, akasimulia yote, akiwataja Muigai na Wamboi kwa majina yao. Wale walionong'ona walikuwepo, wakamsikia. Na tangu hapo, kila mwezi wa saba, jua likianza kushuka, alipita mlango kwa mlango katika nyumba za wachumaji.

"Mama, hodi. Jiko lako liko wapi?"

Likiwa ndani na mlango umefungwa, hakuondoka mpaka litolewe.