Mnyanya Ulioitwa Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kunywa chai, Breki alikwenda nyuma ya nyumba kumsalimia Shangazi. Shangazi hakuwa mtu. Ulikuwa mnyanya mkongwe pembeni mwa bustani, wenye majani madogo yaliyojikunja. Breki aliupanda siku alipoacha kazi ya udereva wa lori. Waliuita Shangazi kwa sababu minyanya mingine iling'olewa kila msimu, lakini huu, kama mgeni aliyekuja kutembea, ulikataa kuondoka.

Mke wake, fundi cherehani, alimtazama kupitia dirisha na kucheka. Miaka kumi mume huyo alikuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe. Sasa binti yao alimtambua baba kwa mlio wa ndala zake. Fundi aliyapenda maisha haya kupita kiasi.

Lakini nyanya zilianza kukataa. Mbegu yao ilikuwa ya kustahimili ugonjwa wa kujikunja majani. Misimu mitatu ilizaa vizuri. Msimu wa nne miche ilidumaa, majani yakawa njano, maua yakapukutika.

"Zikikataa tena, mama watoto, narudi barabarani," Breki alisema. "Bosi wangu bado ananitaka."

Fundi alijichoma sindano kidoleni.

Kesho yake afisa kilimo, mama mmoja mcheshi, alikuja kuchukua sketi yake.

"Sketi iko tayari, dada," fundi alisema. "Ila haitoki mpaka uione bustani yangu."

Afisa alitikisa mche mmoja. Wadudu weupe, wadogo sana, wakaruka.

"Hawa ni inzi weupe. Wananyonya mmea mgonjwa, kisha wanapeleka virusi kwa mzima."

"Na mbegu yetu ya kustahimili?" Breki aliuliza. "Au tuliuziwa mbuzi kwenye gunia?"

"Mbegu ni nzuri, shemeji. Virusi ndivyo vilivyobadilika. Vinapozaliana vinajinakili, na katika kunakili vinakosea. Makosa mengine huvisaidia. Tena viko vya aina nyingi. Aina mbili zikikutana ndani ya mmea mmoja, zinaweza kubadilishana vipande. Inatokea aina mpya, na mbegu yenu haiwezi kuizuia."

Fundi aliweka mikono kiunoni. "Kumbe. Kama nichukue mikono ya gauni hili na kifua cha gauni lile. Unatoka mshono ambao hakuna aliyewahi kuuvaa."

"Umeninyang'anya kazi, fundi. Sasa chumba cha virusi cha kushonea ni mmea mgonjwa unaoachwa muda mrefu."

Wote watatu wakageuka kumtazama Shangazi.

"Na mimi naumwagilia kila siku," Breki alisema polepole. "Ugonjwa huu hauna dawa?"

"Hauna. Dawa huua inzi tu, na inzi nao huizoea. Ng'oeni wagonjwa wote, na magugu pia. Pandeni mahindi kwanza. Mkirudi kwenye nyanya, tafuteni mbegu ya aina nyingine, na miche ikue ndani ya chandarua."

Jioni ile Breki hakula vizuri. "Ule mti ndio ulioniweka nyumbani," alisema. "Nikiung'oa, naona kama nimeshaondoka."

"Baba watoto, mnyanya haukukuweka hapa," fundi alimjibu. "Tumekuweka sisi. Shangazi arudi kwao."

Alfajiri, inzi wakiwa bado wazito kwa baridi, Breki aliufunika mnyanya kwa mfuko, akaung'oa, akaufunga humo humo. Akafanya hivyo kwa miche yote iliyougua, kisha akaichoma moto.

Mahindi yalipovunwa, fundi alishona chandarua cha matundu madogo sana, hata inzi mweupe asipite. Miche ya mbegu mpya ilikua humo ikiwa safi. Ilipohamishiwa bustanini, Breki aliikagua kila asubuhi. Miwili ilijikunja majani. Aliing'oa siku hiyo hiyo.

Siku ya mavuno makreti yalijaa mpaka mlangoni pa chumba cha cherehani. Simu ikalia. Alikuwa bosi wa lori.

"Nakushukuru, bosi," Breki alisema, nyanya mkononi. "Mimi nimeshafika."

Fundi aliinamia cherehani ili mumewe asimwone akifuta machozi, halafu akacheka kwa sauti. Furaha ilimzidi.

Binti yao alikuwa amesimama kando ya mche uliozaa kuliko yote. "Baba, huu tuuite nani?"

"Usiuite kitu, mwanangu," Breki alisema. "Ukiupa jina, siku ukiugua utashindwa kuung'oa."