Konzi ya Bwana Wake

Jua lilikuwa linazama mama aliponitwika mtama. "Kasage kwa Bibi Martha, Selina. Jiwe letu limepasuka."

Mimi! Cheti cha ualimu kimelala sandukuni, karani wa boma ananiambia, "No vacancy, binti," bila hata kuinua kichwa. Sasa nisage mtama. Very good.

Ila nilikuwa na langu. Gazeti lilitangaza shindano la mashairi; mshindi angeajiriwa gazetini. Na kijijini kwetu Mungaa mshairi alikuwa mmoja: Bibi Martha, anayesaga huku akimwimbia Bwana wake. Mungu? Au mumewe, aliyechukuliwa upagazi wakati wa vita vya Mjerumani? Hakuna aliyejua. Miaka arobaini, kila jioni, alimwachia konzi moja ya unga juu ya jiwe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu asiye na shule." Akacheka. "Haya, saga. Mimi nitaimba."

*Njoo ukiwa vumbi, nitakuwa kizingiti.*
*Njoo ukiwa njaa, mimi ndiye chakula...*

Nikawa nasaga, nikipumzika naandika maneno yake. Alipotoka kufunga mbuzi, nikatia jina langu chini ya shairi. Kisha nikafagia jiwe mpaka likang'aa, kama tulivyofundishwa shule. Hygiene! Unga wote kikapuni.

Bibi akarudi. Akatazama jiwe.

"Selina... umemwachia nini?"

"Nani, bibi?"

Nje, mbuzi wakanyamaza.

Ikaja harufu ya vumbi lililolowa, na mvua hakuna. Kisha nyayo. Nzito, za polepole, kama za mtu aliyebeba mzigo kutoka mbali...

Zikasimama mlangoni.

Hapakuwa na mtu.

Bibi Martha akajifunga kanga vizuri, uso umemlainika kama wa mwari. Akanong'ona, "Umekuja, bwana wangu."

Nyayo zikampita.

Zikaja kwangu.

Pumzi ya moto ikagusa viganja vyangu vyenye unga. Nikatupa kikapu, nikakimbia. Nyuma yangu bibi alikuwa akilia kwa hasira: "Miaka arobaini! Miaka arobaini, na unamfuata huyu?"

Shairi nililituma, nikashinda. Barua ya kazi imekuja, sijaijibu. Jua likizama tu, mikono yangu inatafuta lile jiwe letu lililopasuka. Nasaga. Naimba maneno ambayo sikuyaandika popote. Naacha konzi moja.

Asubuhi nakuta jiwe limelambwa.

Na Bibi Martha, kila jioni, huja kukaa kizingitini petu. Hanisemeshi. Amenyoosha mkono, anasubiri bwana wake akipita amguse.